Je, silaha za kigeni ndizo zinazorefusha vita vya Ukraine?

Hoja kwamba silaha za kigeni ndizo zinazorefusha vita hivi inasahau ni nani aliyevuka mpaka tarehe 24 Februari 2022. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaitambua haki ya nchi iliyoshambuliwa kujilinda, peke yake au kwa kushirikiana na nyingine, kwa hiyo kuipelekea Ukraine mitambo ya kutungulia makombora si uchokozi. Aidha, tumeona kinachotokea msaada unapochelewa: Bunge la Marekani lilivutana kwa miezi kadhaa kabla ya kuidhinisha takriban dola bilioni 61 mwezi Aprili 2024, na katika kipindi hicho wanajeshi wa Ukraine walipungukiwa sana makombora ya mizinga, hata mji wa Avdiivka ukatekwa mwezi Februari. Upungufu huo haukuleta amani. Uliwapa Warusi nafasi ya kusonga mbele. Kudai ukaguzi wa silaha hizo ni haki kabisa, nami naunga mkono, lakini ukaguzi ni jambo moja na kumnyima anayeshambuliwa njia ya kujitetea ni jambo lingine.