Kodi ya ada za shule binafsi Uingereza: shule zipi za serikali zinazobeba mzigo?

Ndugu muulizaji, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama ni kweli kwamba kodi iliyowekwa kwenye ada za shule binafsi hapa Uingereza imezijaza shule za serikali hadi hakuna nafasi, na kama wewe ukimhamisha mwanao utapata shule iliyo karibu na nyumbani. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya serikali kusini mwa England, na ndani ya bodi nimo katika kamati ya fedha, kwa hiyo nitakujibu kutokana na karatasi zinazofika mezani kwetu.

Tuanze na kodi yenyewe, maana imesemwa ovyo mno. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi zinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20, na malipo ya mapema yaliyofanywa kuanzia tarehe 29 Julai 2024 kwa ajili ya mihula inayoanza Januari 2025 na kuendelea nayo yaliingizwa, ili kuwabana waliotaka kulipa ada za miaka kadhaa kwa mkupuo. Gharama za bweni zinatozwa pia; madarasa ya chekechea ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule wa lazima yamesamehewa. Shule inaweza kudai kurudishiwa VAT inayolipa kwenye manunuzi yake, na ndiyo sababu taasisi ya utafiti ya IFS ilikadiria mwaka 2023 kwamba uzito halisi wa kodi ungekuwa asilimia 15 hivi. Hata hivyo, baraza la shule binafsi, ISC, liliripoti kwamba kufikia Januari 2025 ada zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 22.6 ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba shule nyingi ziliongeza juu ya kodi mishahara na gharama nyingine, na mzazi akaona yote kwenye ankara moja akaiita kodi.

Sasa hilo la kufurika. Serikali ilikadiria kwamba, mambo yakishatulia baada ya miaka kadhaa, wanafunzi wapatao 35,000 watakuwa wamehamia shule za serikali kote Uingereza, idadi isiyofikia nusu ya asilimia moja ya wanafunzi wote wa shule hizo. Sensa ya shule ya Januari 2025 ilionyesha wanafunzi wa shule binafsi England wamepungua kwa takriban 11,000. Wengi hudhani hao ni watoto waliofungasha madaftari na kuondoka, lakini ndani ya hesabu hiyo wamo wale ambao hawakuingia kabisa, yaani mzazi aliyekuwa amepanga kumwandikisha mtoto darasa la kwanza au la 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, akabadili nia. Isitoshe, watoto wanaozaliwa England na Wales wamekuwa wakipungua kwa ujumla tangu 2012, na zipo shule za msingi, hasa London, zinazofunga madarasa kwa kukosa watoto. Shule ya namna hiyo ikiletewa wanafunzi kumi kutoka shule binafsi, mwalimu mkuu anashukuru, kwa kuwa ruzuku hutolewa kwa kichwa cha mwanafunzi.

Tatizo ni kwamba mzazi anayetoka shule binafsi haendi kwenye shule yenye viti vitupu. Anakwenda kwenye shule ambayo ina foleni tayari, kwa sababu matokeo yake yanasifika, na kama ana uwezo anahamia mtaa wa jirani nayo. Shule kama hizo zikishamaliza vigezo vya kutangulia, kama vile watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri na wale wenye ndugu shuleni hapo, kwa kawaida hugawa nafasi zilizobaki kwa kupima umbali kutoka nyumbani. Kila familia moja inayohamia karibu na lango inasogeza mpaka ndani kidogo, na anayetolewa nje ya mstari ni mtoto wa mpangaji wa upande wa pili wa reli, ambaye wazazi wake hawajawahi kulipa ada popote. Hilo huwezi kuliona kwenye takwimu za taifa, kwa kuwa idadi ya wanafunzi wa shule ile haikubadilika hata kidogo: ilikuwa imejaa, na bado imejaa.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo kamati yetu inapotumia muda mwingi. Watu husema kodi imekusanywa kwa ajili ya shule za serikali, basi shule inayopokea watoto itapata fungu lake. Sivyo: kodi hiyo inaingia Hazina pamoja na kodi nyingine zote. Hakuna bomba linaloitoa hapo hadi kwenye shule iliyompokea mtoto. Ruzuku ya shule inapangwa kwa sensa ya Oktoba. Mtoto aliyeingia Januari 2025 hakuwemo kwenye sensa ya Oktoba 2024. Alihesabiwa Oktoba 2025, na kwa shule zinazoitwa akademi, yaani shule za serikali zisizo chini ya halmashauri, ambazo mwaka wao wa fedha unaanza Septemba, ruzuku yake inafika Septemba 2026. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kiti, vitabu na muda wake wa mwalimu vinatoka kwenye bajeti iliyopangwa bila yeye. Wakiwa wawili hakuna anayestuka. Wakiwa kumi na watano, waliogawanyika katika madarasa matano tofauti, huwezi kuajiri mwalimu kwa ajili yao na huwezi pia kusema hawapo. Lile lengo la serikali la walimu wapya 6,500 nalisikia kwenye hotuba, huku tangazo letu la nafasi ya mwalimu wa fizikia likitolewa tena na tena.

Nikupe mfano mmoja, bila kumtambulisha mtu. Tulimpokea msichana katikati ya darasa la 10, yaani mwaka wa kwanza kati ya miwili ya maandalizi ya GCSE, mitihani ya kitaifa ya umri wa miaka 16 hivi. Alikotoka walikuwa wakisoma mtaala wa kimataifa, IGCSE, ambao shule binafsi nyingi huutumia katika baadhi ya masomo, na alikuwa akisoma Kilatini. Kwetu Kilatini hakuna, vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa vilikuwa vingine, na somo la uchumi alilolitaka lilikuwa limejaa. Mratibu wa darasa alikaa naye na ratiba yake mchana mzima, wakaishia kupunguza somo moja na kumpangia saa za ziada za kufidia. Anaendelea vizuri, lakini saa zile zilitolewa na mwalimu ambaye alipaswa kuwa na wanafunzi wengine. Ndiyo maana familia nyingi hung'ang'ana hadi mtihani wa GCSE upite, kisha huhama mtoto anapoingia darasa la 12.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni watoto wenye mahitaji maalumu. Mtoto mwenye mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo, ambao umeitaja shule binafsi, analipiwa na halmashauri, na halmashauri inarudishiwa VAT. Asiye na mpango huo, ambaye wazazi walimpeleka shule ndogo ya binafsi kwa ajili ya utulivu tu, anatozwa kodi kama kawaida. Akihamia kwetu, shule ndiyo inayotarajiwa kubeba pauni 6,000 za mwanzo za msaada wake wa ziada, wakati mzazi anaomba tathmini ambayo kisheria inapaswa kukamilika ndani ya wiki 20 na mara nyingi haikamiliki. Kwa maoni yangu serikali ingeweza kuwasamehe watoto hawa bila kupoteza fedha nyingi. Kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu, na hoja hii ikiwa mojawapo, ilitupwa Juni 2025, kwa hiyo usipange mambo yako ukitegemea mabadiliko.

Kuhusu mwanao, usiipe kwanza shule yake notisi ya kumwondoa. Ipigie simu idara ya uandikishaji ya halmashauri yako, uulize ni shule zipi zina nafasi katika darasa lake hivi leo, na kila shule iulize ilimpokea mwanafunzi wa mwisho kutoka umbali gani. Kama anaingia darasa la 7, fomu hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka unaotangulia na majibu hutoka tarehe 1 Machi. Madarasa mengine huombwa wakati wowote, na ukikataliwa una haki ya kukata rufaa kwenye jopo huru. Shule binafsi nyingi hudai notisi ya mhula mzima, vinginevyo utalipa ada ya mhula ambao mtoto hatakuwepo, na ada hiyo nayo huenda ikatozwa VAT. Soma mkataba wako leo, uone siku ya mwisho ya notisi inaangukia lini.