Jibu: Mama anaenda Ujerumani, abebe nini?

Dada, umeuliza kama mama anaweza kumpelekea mdogo wako dagaa, samli, nyama ya kukausha na maembe huko Ujerumani. Dagaa abebe bila wasiwasi, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Nyama na samli aviache kabisa, hata kidogo tu. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hukamatwa na kuharibiwa, na inauma kuona mzee ananyang'anywa zawadi aliyoiandaa kwa mikono yake. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havihitaji, basi mfungie hivyo.

Zawadi nyingine zisizidi thamani ya euro 430. Fedha taslimu zikifika euro 10,000 lazima azitangaze forodhani.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na kiasi ambacho bima ya safari inaweza kulipia kisipungue euro 30,000. Barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi akae nazo mkononi, asizitie kwenye begi kubwa, maana afisa wa uhamiaji anaweza kuziulizia kabla hajachukua mizigo.