Barua kwa mwanangu: jogoo, mbu na huyo Hume wako

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza sikuwa na miwani nikaona herufi zinacheza tu nikaiacha, baada ya isha ndo nikakaa nayo vizuri. Umeniuliza mambo mawili, nayarudia hapa usije ukasema mama amejibu la kwake. La kwanza, umeombwa ujitolee kila Jumamosi, bila malipo, kueleza falsafa kwa Kiswahili kwa mafundi, madereva, akina mama wa sokoni, yeyote atakayekaa, na wenzako uliosoma nao wanakucheka eti watu wana njaa we unawapelekea Hume, mwanafalsafa wa zamani wa Uskoti, sasa unataka kujua kama watu wanaihitaji kweli au ni nyie wasomi mnajifurahisha. La pili, ukirahisisha sana si utakuwa unawadanganya?

Kabla sijajibu, zile kurasa tano ulizonitumia nizipitie. Sikuzielewa baba. Kiswahili chako safi, hilo halina ubishi, lakini mstari wa pili tu nakutana na epistemolojia, wa tatu metafizikia, chini kidogo uhusiano wa kisababishi na kisababishwa, nikajiona niko kwenye zile semina za wilaya tulizokuwa tunaenda kusaini posho. Nikazibeba mpaka kwa jirani yangu muuza vitumbua nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti, yeye anageuza vitumbua vyake, nilipomaliza akasema "mtoto kaandika vizuri sana mashallah". Basi. Hapo ndo nikajua umefeli. Yule mama namjua, ukimwambia bei ya mafuta imepanda anakuuliza maswali kumi, nani kasema, lini, kwa nini duka la pili halijapandisha. Kwako hakuuliza hata moja. Alikuheshimu tu, na heshima ya namna hiyo mtu anampa hata mgeni rasmi.

Sasa nikupe kisa ambacho nadhani sijawahi kukusimulia, au nilikusimulia ukiwa unachezea simu.

1973, hujazaliwa, hata baba yako sijamjua. Kulikuwa na kampeni ya afya hapa Tanzania, Mtu ni Afya, nchi nzima watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wiki 12, kila wiki mnakutana mara moja mnasikiliza kipindi redioni alafu kiongozi anasoma sura ya kitabu alafu mnajadili alafu mnakubaliana mtafanya nini, mchimbe choo, mfukie madimbwi, mchemshe maji. Mi nilikuwa kiongozi wa kikundi, miaka 19, sikulipwa hata thumni na nilikuwa najiona kweli kweli. Redio tunaiweka juu ya kiti chini ya mwembe, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi maana zilikuwa zimeshachoka na mpya hazipatikani, watu wamekaa kwenye majamvi.

Wiki ya malaria. Nimesoma vizuri, mbu anamuuma mgonjwa, anakuja anakuuma wewe, unaumwa. Kuna bibi mmoja yuko pembeni ana kisu anamenya muhogo, nikadhani hata hasikilizi. Akasema, "Mwalimu, mi nina jogoo. Akiwika kunakucha. Sijaona hata siku moja kawika alafu usiku ukabaki palepale. Mbona hamsemi jogoo ndo analeta asubuhi? Sasa huyo mbu wenu, mmemuona kwa macho anaingiza homa, au na yeye anawika tu?"

Unajua nilifanya nini? Nilifungua kitabu nikaisoma ile sehemu tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Watu kimya. Bibi akarudi kwenye muhogo wake. Na ningeachiwa mimi kikao kingeishia pale, lakini kulikuwa na mzee mmoja kakata mkonge miaka mingi kwenye mashamba ya wakoloni, akajikohoza akasema jogoo wake alimchinja Idi na kesho yake kulikucha kama kawaida, kwa hiyo jogoo tumeshampima, bado mbu, tumuondoe tuone. Bibi akamjibu palepale, "utawamaliza mbu wote wewe?" watu wakacheka, mwingine akasema mbona yeye na mumewe wanalala kitanda kimoja wanaumwa na mbu walewale na anayeugua ni mume tu, mwingine akadakia labda mbu ni lazima awepo lakini peke yake hatoshi, ikawa kelele, mi nimekaa na kitabu changu mapajani sina hata neno. Tukatawanyika magharibi. Wiki ile madimbwi yalifukiwa bila mimi kumfuata mtu nyumbani kwake. Sikudanganyi kwamba homa ziliisha, hazikuisha, lakini majembe yalitoka.

Haya, zaidi ya miaka 50 baadaye unaniletea karatasi zako, nahangaika nazo mpaka ukurasa wa tatu, nakuta huyo Hume wa Uskoti anauliza hivi, tunaona jambo moja linatangulia na la pili linafuata, kila siku, lakini ile nguvu inayolifanya la kwanza lilete la pili nani ameiona? Nikaweka karatasi chini nikacheka peke yangu. Si swali la bibi wa muhogo hili! Na kale kamstari ulikokaficha kabisa mwishoni, kwamba mwaka 1748 akaongeza kwamba sababu ni kile ambacho kisingekuwepo basi na la pili lisingetokea, hako ndo kajibu ka mzee wa mkonge, jogoo kachinjwa na kumekucha. We umekaweka chini kabisa kama nyongeza wakati hapo ndo pa kuanzia.

Kwa hiyo la kwanza hilo nimeshakujibu. Hao wenzako wanaosema watu wana njaa uwaambie yule bibi alikuwa anamenya muhogo kwa sababu ndo ulikuwa mlo wa usiku na mboga hakuwa nayo. Swali alikuwa nalo kabla mimi sijafika na kitabu. We hupeleki falsafa kama mtu anapeleka mbolea, unaikuta iko pale, imekaa pembeni inamenya muhogo, kazi yako usiisomee kwa sauti kubwa.

Na hata huyo Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, si ni wewe uliniambia alikuwa anawafuata wazee vijijini anawahoji, na akikuta mzee anarudia tu mila kama alivyopokea anamweka fungu lake, na anayeihoji hiyo mila na kubisha kwa hoja anamweka fungu jingine. Sasa iweje wewe uende na kurasa tano za kusomwa na watu wote wanyamaze?

La pili sasa, la kudanganya, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukurasa wako wa kwanza umeandika "Hume anasema hakuna sababu duniani". Wa tatu umeandika anaeleza tunalipataje hilo wazo la sababu, kwamba ni mazoea, tumezoea kuona hiki baada ya kile mpaka akili inaruka yenyewe. Sasa lipi? Mi sijasoma falsafa lakini nimesahihisha madaftari miaka 33. Kama hakuna sababu, hayo mazoea yanasababisha vipi akili iruke? Nahisi lile la kwanza umeliandika kwa sababu linashtua, watu wageuke wakuangalie. Huko ndo kudanganya. Ugumu ungeubakiza pale mahali pake ungekuwa umesema kweli na bado watu wangegeuka.

Kuacha vitu ni jambo jingine, acha tu. Umenisimulia mwenyewe kwamba kitabu chake cha kwanza kilitoka 1739 ana miaka 27 na hakuna aliyeshtuka, mwenyewe akasema kimezaliwa maiti toka mtamboni, na badala ya kuwalaumu wasomaji akaona kasoro ilikuwa zaidi kwenye namna alivyoandika kuliko alichoandika, akakaa akaandika upya kwa wepesi, vingine akavitupa, ndo hicho cha 1748. Mtu kichwa namna hiyo amekubali kurudia homuweki. We kurasa tano tu unaona uchungu. Ukiacha kitu sema nimekiacha, atakayetaka atakufuata nje akuulize.

Maneno magumu sikukatazi, nisieleweke vibaya. Mantiki watu wanaijua, maadili wanayajua, hata neno falsafa lenyewe ni geni lililohamia kwa Waarabu kutoka kwa Wagiriki na leo hakuna anayelishangaa. Ila mpe mtu kitu kwanza alafu jina lake baadaye. Ukianza na udhanaishi kabla hujamuuliza kama amewahi kuamka usiku akajiuliza yuko hapa duniani kwa ajili gani, atakutolea macho tu. Na ule mfano wa mipira ya biliadi, najua ni wa Hume mwenyewe, usiufute, vijana wa bodaboda wanaocheza puli pale stendi watakuelewa kuliko wahadhiri wako, yani wale wanajua mpira mmoja ukigonga mwingine unaenda pembe gani, ila mi na muuza vitumbua tupe jogoo.

Tena jogoo tunaye kwenye methali siku zote, likiwika lisiwike kutakucha. Waulize tu wameijuaje hiyo, nani alimfunga jogoo mdomo akakesha kuangalia. Alafu kaa kimya. Najua kukaa kimya kwako shida, umetoa kwa baba yako.

Kuhusu watu wa dini maana najua unaogopa, nilimwendea ustadhi wa madrasa ya hapa jirani nikamweleza, nikitegemea atanuna. Hakununa. Kaniuliza kama huyo Mskoti aliwahi kumsoma Imamu Ghazali, yule mwanachuoni wa Kiislamu wa zamani, maana Ghazali alishayasema ya pamba na moto, kwamba unaona pamba inaungua ikigusana na moto, unachokiona ni kwamba vimekutana na imeungua, ulazima wenyewe hujauona, na kwake yeye anayeunguza ni Mungu. Ghazali kafa 1111, nikaangalia kwenye karatasi zako Hume kazaliwa 1711, miaka 600 kamili. Nilikaa nikashangaa, haya mambo yanafundishwa hatua mia kutoka mlangoni kwangu na mtoto wangu kayafuata chuo kikuu kwa mkopo.

Sijui kama kuna uhusiano wowote kati yao, hilo ni la kwako kulitafuta, na usilitangaze kabla hujalipata.

Ya kujitolea yenyewe sina mengi. Nauli utatumia yako, na kuna Jumamosi watakuja watu watatu na mmoja ni mlevi, msikilize huyohuyo. Usikubali kuitwa Dokta, kwanza hujawa. Soda ukigawa wiki ya kwanza itabidi ugawe mpaka mwisho, kwa hiyo usianze. Kaa, usisimame, na kipaza sauti kama wanakupa kikatae, mtu hawezi kumkatiza mwenye kipaza sauti. Ukiona wanakukatiza na wanabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wamekusahau, angalia saa, andika mahali ni dakika ngapi, uniambie. Mi mwaka ule wa 73 nilikuwa napima kwa idadi ya waliosaini daftari la mahudhurio, nilijaza daftari zima, na kikao ninachokikumbuka ni kimoja.

Ustadhi amesema atakuja Jumamosi yako ya kwanza ukiifanyia huku kwetu, ana sharti moja, aongee baada ya wengine ili wasimuogope. Muuza vitumbua nimemweleza ya jogoo bila karatasi. Aliacha vitumbua vikaungua upande mmoja. Anataka kujua kama unaweza kusema jua ndo linaleta asubuhi wakati na lenyewe hakuna aliyewahi kulichinja.

Mi sikuweza kumjibu. Njoo umjibu wewe, na uje na betri ya redio yangu, ile ya duara kubwa, huku wameishiwa.

Mama yako