Laptopu ya Zamani Usiiuze kwa Bei ya Kutupa, Ipe Kazi Moja

Hapa Lamu kila nyumba ya pili ina laptopu imelala juu ya kabati imefunikwa kitambaa, na ukiuliza utaambiwa imekuwa nzito, au fundi amesema haikubali Windows mpya. Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, kwa hivo mashine nyingi za 2012 mpaka 2016 zimeachwa nje. Basi mtu anaona haina maana, anaiuza kwa bei ya kutupa. Mimi nakuomba usiuze kwanza.

Mashine ya zamani inakushinda ukitaka ifanye kila kitu, Zoom, tabu chungu nzima za Chrome, Fesibuku, filamu, vyote pamoja. Ipe kazi moja. Na ukiweza ipe ile kazi ambayo laptopu mpya haiiwezi, manake ziko, na ntakueleza moja kwa urefu sababu naiona ina haraka.

Kabla ya yote tazama betri. Weka laptopu juu ya meza iliyo sawa, kama inayumba, au kibodi imeinuka katikati, au pale pa kusogezea mshale hapabonyezeki, betri imefura, na betri iliyofura si ya kuchezea, usiichaji, usiitoboe, mpe fundi aitoe. Nyingi zinawaka vizuri tu kwa chaja bila betri. Lakini kama ni nzima, hata ikikaa dakika kumi na tano tu, iache hapohapo, stima yetu unaijua, ikipotea katikati ya kazi zile dakika zinatosha kuhifadhi na kuzima. Kisha kama tarehe inarudi nyuma kila ukiwasha, hiyo ni betri ndogo bapa ya ndani, nyingi ni CR2032, inauzwa rahisi, na tarehe ikiwa si sawa tovuti zinakataa kufunguka mtu akadhani intaneti ndo mbovu.

Uzito mara nyingi ni diski, ile ya zamani inayozunguka. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu nunua SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Kwenye programu mimi naweka Linux Mint, mfumo wa kuendesha mashine badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ni ya bure, inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ndo raha yake, na diski yenye nafasi ya GB 20. Faili lake ni kama GB 3 hivi kwa hivo tafuta waifai, usimalize bando lako, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, halafu uwashe laptopu huku unabonyeza F12 au F2 au Esc, inategemea na kampuni. Inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, unajaribu waifai, sauti, kila kitu, ukiridhika ndo unaiweka moja kwa moja, ila picha zako uwe ushazitoa sababu hapo inafuta.

Sasa hiyo kazi yenyewe. Fungua sanduku la bibi yako, uwe Langoni, Mkomani, Shela au huko Pate na Siyu, utakuta kaseti. Maulidi, kasida, darasa za masheikh, mashairi, nyimbo za harusi, na zile barua za kaseti, manake watu waliokuwa Saudia na Omani wengi hawakuwa wakiandika, mtu anajirekodi anampa anayerudi nyumbani. Kaseti hizi zinakufa jamani. Sauti imo kwenye unga wa sumaku uliogandishwa juu ya utepe kwa gundi, na joto letu na unyevu wa bahari vinailegeza ile gundi mwaka baada ya mwaka, siku moja unaibonyeza unasikia mlio tu.

Laptopu nyingi za zamani zina matundu mawili ya sauti, moja la hedifoni na moja la maiki, aghalabu lina rangi ya waridi au kipicha cha maiki. Mpya nyingi zina tundu moja tu la pamoja, itabidi ununue kifaa cha USB. Hapo uzee wake ndo faida. Chukua redio kaseti inayofanya kazi, na waya wa milimita 3.5 wenye ncha mbili sawa, ncha moja kwenye hedifoni ya redio, ingine kwenye maiki ya laptopu, weka programu ya kurekodi sauti iitwayo Audacity, nayo ni bure, basi umeshapata studio. Tundu la maiki mara nyingi linapokea sauti ya upande mmoja tu, kwa mtu anayezungumza au kusoma maulidi haidhuru kitu.

Mambo machache usiyaruke. Juu ya kaseti kuna vijipande viwili vya plastiki kwenye kona, vivunje, ukibonyeza rekodi kwa bahati mbaya redio itakataa. Peleka utepe mpaka mwisho kisha urudishe kabla ya kuucheza, sababu ulioganda miaka hukatika ukivutwa ghafla. Safisha kichwa cha redio, kile kichuma kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti, na usafishe tena kila baada ya kaseti kadhaa, utaona pamba inatoka na rangi ya udongo. Ukiona ukungu mweupe ndani ya kaseti iweke kando, isije ikachafua redio na kaseti zilizo nzima. Sauti ya redio anza nayo chini upandishe pole pole, mita ya Audacity isiguse mwisho, kileleni iwe karibu na -6, manake sauti iliyopasuka haitengenezeki tena.

Kaseti ya C60 itachukua saa nzima, hakuna njia ya mkato, na ndo maana nasema iwe mashine isiyo na kazi ingine, unaiacha pale, umeiweka isilale na isikuletee vijumbe, nawe unapika au unaswali. Hifadhi faili la WAV kwanza, lile lisilobana sauti, ni kama MB 10 kwa dakika kwa sauti ya pande mbili, yaani C60 inafika MB 600, halafu toa nakala ya MP3 ambayo ni ndogo zaidi sana, hiyo ndo ya kumtumia mtu. Na usiite faili "kaseti 1". Andika nani anazungumza, wapi, mwaka gani kama unajulikana.

Hayo ya majina utayapata kwa wazee tu. Shangazi alipokaa nami kusikiliza barua ya ami kutoka Maskati nilitaka anitajie mwaka basi, lakini kila ami akisema msalimie fulani, shangazi ananisimamisha, "Ngoja hapo mwanangu," ananieleza huyo ni nani, alioa kwa nani, nyumba yao ilikuwa upande gani wa msikiti, na mimi naandika. Upande mmoja wa kaseti ulitukalia alasiri nzima. Daftari hilo naliweka pamoja na faili, kwangu vina thamani sawasawa.

Ila uwe na adabu nazo. Barua ina siri za watu, na nyimbo za harusi za wanawake hazikurekodiwa ziende kwenye grupu la WhatsApp lenye wanaume, uliza kwanza wenyewe. Nakala moja iwe kwenye diski ya nje, na ingine nyumba ya ndugu mwingine.

DVD za harusi zina habari hiyohiyo, laptopu nyingi za zamani zina mlango wa sidii, mpya nyingi hazina, zihamishie ndani ya laptopu kabla hazijachakaa. Kazi ingine nzuri ni ya watoto, weka Kiwix, inafungua Wikipedia bila intaneti, la Kiswahili ni faili dogo, la Kiingereza lenye picha linapita GB 100 kwa hivo lina toleo lisilo na picha. Kwa wadogo kuna GCompris, michezo ya kujifunzia. Dukani programu ya ofisi ya LibreOffice inatosha kabisa kwa hesabu za deni na mali.

Mahali pa kuiweka pana maana kwetu huku. Isikae karibu na dirisha la baharini, chumvi inakula matundu ya waya na mabati ya ndani, na iwashe kila wiki, joto lake linakausha unyevu, ile inayofungiwa miezi ndo inayokufa. Feni isafishwe mchanga kwa brashi laini.

Ukiamua kumpa mtu, kwanza futa diski yote, siyo kufuta picha tu, mle mna picha za kitambulisho na mambo ya M-Pesa. Na ikifa kabisa toa diski uitie kwenye kasha la USB, RAM na chaja mpe fundi zitamfaa mwingine. Iliyobaki usichome wala usitupe ufuoni, Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za elektroniki, kusanyeni mtaa mzima mpeleke pamoja, isipokuwa betri iliyofura, hiyo kamwe usiitie kwenye mzigo wa basi.