Re: Wafilipi 4:19 na ada ya mtoto

Shalom dada. Umeuliza kama imani yako ni haba, kwa kuwa tangu Januari unaombea ada ya mtoto ukiishikilia Wafilipi 4:19, "Mungu wangu atawajazeni kila mnachohitaji", na hela haijapatikana. Sidhani hivyo kabisa.

Rudi nyuma mstari mmoja. Mtume Paulo, mwandishi wa barua hii kwa kanisa la Filipi, yuko kifungoni, na mahitaji yake yameletwa na Epafrodito kutoka Filipi, mtu aliyeugua karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo (2:30). Kristo alimjazia kwa mikono ya ndugu. Na kwenye mstari wa 12 Paulo anasema amejua kushiba na kuona njaa. Aliyeandika "kila mnachohitaji" ni mtu aliyewahi kulala njaa!

Tazama pia Yohana 6. Yesu alimuuliza mwanafunzi wake Filipo watawalishaje umati, naye Filipo akapiga hesabu: mikate ya dinari 200 haitoshi, na dinari moja ilikuwa kibarua cha kutwa. Hesabu yake ilikuwa sawa, wala Yesu hakumkemea. Yesu alipokea mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, akashukuru, na umati ukashiba.

Nakumbuka mama akikung'uta debe la unga mpaka vumbi la mwisho, huku anaimba. Jioni ile jirani akabisha hodi na sado ya mahindi. Mama alikuwa amemweleza shida yetu asubuhi.

Kwa hiyo dada, mwambie mzee wa kanisa. Muone mwalimu mkuu, uombe kulipa kidogo kidogo. Nakuombea usiku huu. Ukishaongea nao tujulishe.