Bolti za kalipa ya mbele nikaze kwa Nm ngapi?

SWALI: Habari fundi. Nina pikipiki ya Honda yenye diski mbele, naifanyia kazi ya bodaboda hapa Morogoro. Nimebadilisha pedi mwenyewe, sasa nataka kukaza zile bolti mbili zinazoshika kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) kwenye shokapu. Nimeazima toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye gereji ya magari, imeandikwa Nm (newtonmita) 40 mpaka 200. Niweke ngapi? Halafu kuna jamaa kaniambia nipake grisi kwenye nyuzi zisishike kutu, ni sawa?

JIBU: Salama kaka, na umefanya la maana kuuliza kabla hujakaza. Hiyo renchi warudishie wenyewe, haifai kwa kazi hii. Bolti za kalipa kwenye Honda nyingi zinataka 30 Nm na renchi yako inaanzia 40, yaani hata ukiishusha mpaka mwisho bado unazidisha. Tafuta ndogo ya soketi 3/8, inayoanzia kama 10 mpaka 60 hivi, 30 inakaa katikati ambako hizi renchi hupima vizuri. Ila 30 usiichukue kwangu tu, tafuta kitabu cha mafundi cha modeli yako yenyewe, maana bolti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, kwenye pikipiki ndogo unaweza kukuta imeandikiwa 22 au 25 na ya M10 ikapanda zaidi.

Na uangalie unasoma upande gani. Renchi nyingi zina Nm upande mmoja na ft-lb (futi-pauni, kipimo kingine cha kukaza) upande mwingine, watu wengi wanaharibia hapo. 30 Nm ni kama 22 ft-lb, ukiiweka 30 kwenye mstari wa ft-lb umeshakaza karibu 41 Nm.

Grisi hapana kaka. Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu ndipo breki nyingi zinapoharibiwa na mtu mwenye kifaa kizuri mkononi: toki renchi haijui bolti imebana kiasi gani, inapima ugumu wa kuzungusha tu, na ugumu huo karibu wote, kama asilimia 90, unaliwa na msuguano kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti, kinachobaki ndo kinavuta bolti ikabana. Ukipaka grisi msuguano unashuka, renchi inalia "ka" palepale kwenye 30 lakini bolti imevutwa kupita kiasi, na kwa vile imeingia kwenye alumini ya shokapu, uzi wa alumini ndo unaokufa kwanza. Nyuzi zikiwa na kutu na vumbi inakuwa kinyume, renchi inalia mapema na bolti bado haijabana. Kwa hiyo sugua nyuzi na brashi ya waya, tundu lipulize na upepo, kila kitu kiwe kikavu, labda kitabu kiseme vingine. Modeli nyingi za Honda zinataka uweke bolti mpya kila ukifungua, zinakuja zimeshapakwa gundi yake kwenye nyuzi, hizo usizisugue.

Kwenye kukaza sasa, anza na vidole, bolti iingie mizunguko kadhaa bila kulazimisha, ikigoma itoe uanze upya maana imekaa upande. Zote mbili zikishagusa ndo unachukua renchi, unashika kwenye mpini wake palepale, unavuta polepole bila kushtua, ikilia mara moja unaacha. Usirudie kuvuta "kuhakikisha", kila mlio unaongeza kidogo. Na bomba la kurefushia spana liache kabisa: kwa spana ya sentimita 20 unahitaji mvuto wa kama kilo 15 kufika 30 Nm, mvuto huohuo kwenye bomba la sentimita 60 unakupa karibu 90, bolti ya M8 haikuvumilii hapo.

Ukimaliza piga alama ya rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye kalipa, ikilegea utaona kwa macho kila asubuhi. Halafu kabla hujawasha pikipiki, bonyezabonyeza lever ya breki mpaka iwe ngumu, maana baada ya kubadilisha pedi, ukibonyeza mara ya kwanza lever huwa inaenda mpaka kwenye usukani bila kushika chochote, na watu wameingia barabarani hivyohivyo. Renchi ishushe mpaka namba ya chini kabla ya kuihifadhi, na usiitumie kufungulia nati.

Kama wakati unakaza bolti inazunguka tu bila kuwa ngumu, simama hapohapo. Uzi umeshaliwa, usifunge tepu ya bomba wala usipigilie bolti nene zaidi. Shokapu ipeleke kwa mchongaji wa vyuma mwenye mashine ya leth aweke koili ya uzi ya M8, inakuwa chuma ndani ya alumini na inabeba vizuri tu, ukirudi unakaza kwa namba ileile ya kitabu.