Vidukari wa saipresi: kabla hujaandika "wamepungua"

Wadogo zangu mnaoanza kukagua wadudu msituni, mkipewa fomu yenye safu ya waharibifu peke yao, chora nyingine pembeni ya maadui wao. Bila hiyo mtaona idadi ya vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, ikipanda na kushuka, na sifa zote mtaipa mvua.

Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, na huku hakukuwa na adui wake wa asili wa kumdhibiti. Mate yake ni sumu kwa mti, matawi hukauka. Mwaka 1994 Malawi ilianza kumwachia nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum. Jike hutaga yai ndani ya kidukari, buu linamla mwenyeji wake hadi linabaki gamba.

Gamba hilo ndilo la kutafuta. Penya hadi matawi ya ndani, maana huko ndiko wanakojazana. Kidukari aliyeliwa hutuna, hukauka na kung'ang'ania tawi. Gamba likiwa na tundu la duara, nyigu ameshatoka. Likiwa zima, huenda bado yumo: kata kijitawi, kitie kwenye chupa, funika mdomo kwa kitambaa chepesi, usubiri. Magamba mazima na yaliyotoboka yahesabuni mbalimbali, kwani ya kwanza yanadokeza nyigu watakaokuja, ya pili wale waliokwisha kuruka.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba adui huchelewa. Huzaana baada ya chakula kuwa kingi, huendelea kuwa wengi hata mawindo yakianza kuadimika, halafu naye hupungua kwa njaa, na vidukari wanapata mwanya tena. Kwa hiyo ukikuta vidukari tele na nyigu tele siku moja, usiandike kwamba nyigu ameshindwa. Rudi mti uleule baada ya wiki chache.

Hapo ndipo mameneja hukimbilia dawa. Mimi huwapinga, kwani dawa humuua nyigu pia. Kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai. Wachache wakisalimika, wanajaa upya kabla nyigu hajarudi.

Mvua kubwa nayo huwaangusha, kwa hiyo tarehe za mvua ziandikeni. Na sisimizi pia: wanafuata majimaji matamu ya vidukari na mara nyingi huwafukuza maadui. Tawi lenye msururu wa sisimizi msililinganishe na lisilo nao.